Ukichimba Penye Dampo la Zamani

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo, wakashinda. Dampo hufungwa, lakini kilichofukiwa hakiishi upesi. Huendelea kuoza chini kwa chini kikitoa gesi, na siku kijiko kinapokuja kuchimba msingi, uvundo wa miaka mingi hutoka kwa mpigo.

Kwa hiyo fukua kidogo kidogo. Maliza kipande kimoja, kifukie, ndipo uhamie kingine. Taka zilizochimbuliwa zipakiwe siku ileile kwenye lori lenye turubai. Zitakazobaki zifunikwe kwa udongo safi kabla mafundi hawajaondoka. Maji meusi yanayojaa shimoni yasielekezwe mtaroni, yanyonywe na gari la majitaka. Alfajiri hewa hutulia na harufu hujikalia majumbani, basi ngoja upepo uanze, na uangalie unaelekea kwa nani: kusi ukiisha na kaskazi ukaingia, anayeumia ni jirani mwingine. Manukato ya kupuliza hatuyashauri. Yanaficha hatari, hayaiondoi.

Hatari hiyo ni ya kweli. Harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo sana pua huinasa, lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni ya hewa huilemaza pua, na fundi hudhani imekwisha. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama shimoni. Methane yenyewe haina harufu kabisa, na ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Asishuke mtu kabla kipima gesi hakijashushwa, wala asivute mtu sigara karibu. Mwenzako akianguka humo, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Wengi hufa wakiokoa.

Majirani waelezwe mapema kupitia serikali ya mtaa, wapewe namba ya simu ya mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Anayezunguka mpakani mwa eneo la kazi kunusa harufu asiwe aliyeshinda shimoni, kwani pua yake imeshazoea.

Nawe jirani, ukisikia harufu kutoka shimoni, andika saa, upepo unakotoka na harufu inafanana na nini, kisha piga simu. Kichwa kikiuma au macho yakiwasha na kazi bado inaendelea, toa taarifa NEMC, baraza la taifa la mazingira, siku hiyohiyo.