Kufundisha Somo la Kujihadhari na Wanyama wa Porini

Katika masomo ya mbinu za kufundishia, walimu wanafunzi huambiwa kwamba zana bora kuliko zote ni kitu halisi. Afundishaye mbegu huleta mbegu, na afundishaye udongo huwatoa watoto nje wakaushike. Kanuni hiyo ni njema. Lakini liko somo moja ambalo kanuni hiyo, ikifuatwa bila kufikiri, yaweza kuleta msiba, nalo ni somo la wanyama wa porini. Mwalimu asemaye, “Kesho kila mmoja alete mnyama mdogo,” amewatuma watoto mapangoni na vichakani.

Hapa kwetu Kagera hatari hiyo si ya kubuni. Ndani na kandokando ya wilaya za Karagwe na Kyerwa zimo hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa na Burigi-Chato, zilizoanzishwa mwaka 2019. Mtoto achungaye mbuzi au aokotaye kuni huweza kukutana na mnyama wakati wowote. Tena, mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba, ukaua watu 6 kati ya 9 waliohesabiwa kuugua. Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo, na watu 10 wakapoteza maisha. Wataalamu wamethibitisha kwamba virusi vya ugonjwa huo huishi katika popo wala matunda wakaao mapangoni, bila popo wenyewe kuonekana wagonjwa. Virusi vikishamfikia mtu mmoja, huwapata wengine kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wake.

Shabaha. Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kueleza kwa nini mnyama wa porini hasogelewi, na kuonyesha kwa vitendo la kufanya akikutana naye au akiumwa.

Zana. Picha zilizochorwa na mwalimu, kamba ndefu, maji na sabuni. Mnyama, awe hai au mfu, asiletwe darasani.

Hatua ya kwanza: maswali. Mwalimu aulize ni wanyama gani watoto wamewahi kuwaona, na wapi. Mtoto akisema amewahi kushika popo au kuumwa na mbweha, asikaripiwe wala kuchekwa. Hili twalisisitiza kuliko mengine yote. Kichaa cha mbwa huenezwa pia na wanyama wa porini, na dalili zake zikishatokea, mgonjwa ni nadra sana kupona. Lakini chanjo ikitolewa mapema huokoa. Mtoto aliyekaripiwa leo ataficha jeraha kesho.

Hatua ya pili: maelezo. Mwalimu aeleze njia tatu ambazo hatari humfikia mtu. Ya kwanza ni nguvu za mnyama: kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini, au nyati mwenye ndama, hushambulia bila kuchokozwa. Ya pili ni jeraha la meno au kucha. Ya tatu ni uchafu usioonekana: mate, damu na kinyesi. Kwa sababu hiyo mzoga hauguswi, pangoni hakuingiwi, na tunda lililoumwa na mnyama haliliwi.

Hatua ya tatu: vitendo. Kamba itandazwe uani, mwanafunzi mmoja asimame upande wa pili akiwa “mnyama”. Wengine waje mmoja mmoja, wasimame mbali na kamba, warudi nyuma polepole, kisha wakamwarifu mtu mzima. Baadaye waoneshwe kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na waelezwe kwamba aliyeumwa hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: kupima. Mwalimu aulize: “Umekuta popo ameanguka chini ya mwembe. Utafanya nini, na kwa nini?” Jibu lisilo na sababu lisihesabiwe kuwa limekamilika.

Yabaki maonyo mawili. Kwanza, somo hili lisigeuke kuwa la chuki. Popo wala matunda husambaza mbegu na kuchavusha maua ya miti. Nchini Uganda, baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka kuugua Marburg mwaka 2007, popo wa humo waliangamizwa. Popo waliporudi, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha wenye virusi miongoni mwao kilikuwa kikubwa kuliko awali. Kuua, basi, hakukuondoa hatari.

Pili, mwalimu mwenyewe ndiye kielelezo. Akimrushia tumbili ndizi ili watoto wacheke, amefuta kwa mkono mmoja aliyoyaandika ubaoni kwa mkono mwingine. Zana halisi ya somo hili ni umbali, na watoto wauone kwanza katika mwenendo wa mwalimu wao.