Barua ya Malalamiko Siri ya Mtu Inapoanikwa

Barua rasmi tumefundishwa tangu kidato cha kwanza: anwani mbili, tarehe, mtajo, kichwa kinachoanza kwa KUH, mwili, kisha "Wako mwaminifu" na sahihi. Hayo walimu wetu wameyaandika ubaoni hadi chaki zikaisha. Ninalotaka kueleza ni kinachotiwa ndani ya barua hiyo wakati jambo lenyewe ni siri ya mtu iliyoanikwa hadharani, maana hapo wengi wetu huandika hasira tupu.

Chukueni mfano huu. Likizo hii ya Agosti, kituo kimoja cha masomo ya ziada kilibandika mabango matatu stagini kwetu. Palikuwa na picha ya binamu yangu, jina lake lote, na maneno haya: "Hisabati: alikuja na 31, sasa ana 74." Wao waliona wanamsifu. Kumbe vijana wa mtaa wakaanza kumwita Thelathini na Moja, naye akawa hapiti stagini tena, anazunguka kwa mashamba ya watu ndipo afike sokoni. (Jina lake silitaji, ama sivyo nami nitakuwa nimebandika bango langu.)

Shangazi akashika kalamu. Sentensi yake ya kwanza: "Nyinyi ni wezi na Mungu anawaona!" Nikamwambia, "Shangazi, hasira yako ni ya haki, lakini hapo mkurugenzi hajaambiwa afanye nini."

Tukaanza upya. Kabla ya kuchanika lolote, mabango yakapigwa picha, na mahali na tarehe vikaandikwa. Kichwa kikawa KUH: KUTUMIA PICHA NA ALAMA ZA BINTI YANGU BILA IDHINI. Mwili ukaanza hivi:

"Mnamo tarehe 9 Agosti niliona mabango yenu matatu yakiwa na picha, jina na alama za binti yangu mwenye umri wa miaka 15. Mimi mzazi wake sikuombwa ruhusa. Naomba myaondoe yote, mfute picha hiyo popote mlipoihifadhi, na mnijibu kwa maandishi kabla ya siku 14 kwisha."

Tazameni: lililotendeka, lini, kwa nani, na anachotaka mlalamishi. Matusi hayamo.

Lakini shangazi akaingiwa na wasiwasi. "Si nilitia sahihi fomu yao?" Fomu ile ilikuwa ya kumsajili mtoto asome. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, idhini huwa ya jambo mahususi, na data ya mtoto yahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Kukubali mtoto afunzwe hisabati si kukubali awe tangazo. Tena Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na haikusema watu wazima pekee.

Pelekeni nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Wakinyamaza, nakala hiyo pamoja na zile picha ndizo zinazoambatishwa kwenye malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Asiyejua kuandika asivunjike moyo: sheria inaruhusu kulalamika kwa mdomo, na ni wajibu wa ofisi kuyaandika. Uchunguzi unapaswa kukamilika katika siku 90.

Na msidhani ni maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Ninapoandika haya, mabango mawili yameshabanduliwa. La tatu lingali ukutani, na siku zetu 14 zimebaki tatu. Barua ya pili shangazi ameiandika mwenyewe; hajatia tarehe tu.