Mbeba Magunia Ghalani ni Mfanyakazi wa Nani?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, maghala ya Nachingwea na Ruangwa hujaa watu ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote ya mishahara. Hao ndio wanaoshusha magunia ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kutoka kwenye malori, wanayapandisha kwenye mizani, wanayapanga kwenye lundo, na mnada ukishapita wanayapakia tena kuelekea bandari ya Mtwara. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mzigo wote husafiri kwa malori, na kila kilo inayotoka Kipara Mtua au Liwale hupita mgongoni mwa mtu zaidi ya mara moja kabla ya kufika baharini. Malipo ni kwa gunia. Kuli akiangukiwa na mzigo akavunjika mguu, mjadala huhamia haraka kwenye swali la alikuwa wa nani. Mwendesha ghala husema huyo ni kibarua wa nyapara. Nyapara naye hana alichonacho zaidi ya wenzake. Chama cha msingi husema mzigo ulishakabidhiwa, na mnunuzi hata hakumbukwi. Kila mmoja akitupa mpira kwa mwenzake, majeruhi hubaki na michango ya makuli wenzake na dawa za kununua mwenyewe. Lakini swali hilo sheria ilishalijibu tangu mwaka 2004, na jibu lenyewe linampendelea kuli kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba wao umekaaje, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo kigezo chochote kimoja kati ya kadhaa kimetimia. Je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine? Je, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine? Je, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Je, anamtegemea kiuchumi, au anapewa naye vitendea kazi? Sasa tulitazame ghala lenyewe. Anayefungua lango asubuhi ni mwendesha ghala au mtu wake. Anayesema lori lipi lishushwe kwanza, mzigo wa chama kipi uende kona ipi na lundo lipande hadi wapi ni yeye. Mizani ni yake, na toroli kama lipo ni lake. Ama saa 45, katika kilele cha msimu kuli huzimaliza ndani ya wiki moja. Kwa vigezo hivyo ni vigumu kuona mwendesha ghala atakwepaje kuitwa mwajiri. Na zingatia neno moja katika sheria hiyo: "hadi ithibitishwe". Kuli akishaonyesha kigezo kimoja, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa mwajiriwa unahamia kwa anayekana.

Wapo watakaopinga kwamba analipwa kwa gunia na anakuja siku anayotaka, kwa hiyo huyo ni mfanyabiashara wa nguvu zake. Namna ya kulipa, yaani kwa gunia, kwa siku au kwa mwezi, haimo katika vigezo hivyo. Kama ingekuwamo, kila mwajiri nchini angehamia kwenye malipo ya kipande kesho yake. Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mtu mwenye genge lake, vifaa vyake na wateja wengi, anayekubaliana bei ya kushusha lori zima na kupanga mwenyewe nani abebe nini, anaweza kweli kuwa mkandarasi. Lakini hapo watu wake wanakuwa waajiriwa wake, na mwendesha ghala bado hajatoka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwenye shughuli ahakikishe, kadiri inavyowezekana kwa hali halisi, kwamba shughuli zake hazihatarishi hata watu asiowaajiri. Ukiwa ndani ya ghala lake, usalama wako unamhusu, awe anakulipa au hakulipi.

Na hatari zenyewe si za kubuni. Gunia la korosho ghafi huwa na kilo 80 hivi. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa mpaka wa mzigo anaoubeba mwanamume mzima kwa mikono mara kwa mara, na linataka wanawake wabebe pungufu ya hapo. Pendekezo si sheria, huwezi kumshtaki mtu kwalo, lakini ni kipimo ambacho mkaguzi yeyote anakijua. Kisha lipo lundo lililopangwa likaegemea ukuta, ambalo huporomoka mtu anapochomoa magunia ya chini kwa sababu ndiyo yaliyouzwa. Ipo salfa, dawa ya ubwiriunga ambayo kila mkulima wa kusini anaijua. Ikihifadhiwa kwenye jengo lile lile lenye mazao, mfuko ukipasuka vumbi lake linachoma macho na kifua, tena linashika moto. Kwenye mbaazi na nafaka kuna vidonge vya kufukizia wadudu vinavyotoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na harufu yake inayofanana na kitunguu saumu haitoshi kuwa onyo, kwa kuwa unaweza kudhurika bila kuisikia. Ghala lililofukizwa halifunguliwi kwa sababu lori limefika. Linafunguliwa baada ya hewa kupimwa na mtu mwenye ujuzi.

Jibu la haraka la viongozi wa vyama ni kwamba makuli wenyewe hukataa barakoa na viatu. Kuna joto, na barakoa inabana pumzi, hilo kweli. Lakini vifaa vya kinga ni hatua ya mwisho, na sheria inaanza na mwajiri kutathmini hatari na kuiondoa kwenye chanzo chake. Kupunguza kimo cha lundo hakugharimu chochote. Kupanga magunia kwa kufungamanisha, safu kwa safu, kama fundi anavyopanga matofali, kunadai dakika chache zaidi. Salfa kutengewa chumba, njia kuachwa wazi, gunia kuinuliwa na watu wawili hadi kwenye toroli: mengi ya haya hayasubiri mfadhili wala bajeti ya halmashauri. Wanaosema ushirika wa korosho utafilisika kwa masharti ya usalama wangetaja kwanza ni sharti lipi kati ya haya lililo ghali.

Ajali ikishatokea, sheria inayokuhusu ni ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kabla yake, fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000, viwango vya aibu. Sasa Mfuko unagharamia matibabu, unalipa asilimia 70 ya kipato kwa muda ambao majeruhi hawezi kufanya kazi, na unawatazama wategemezi mtu akifariki. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake. Ni kosa kumkata mfanyakazi. Wala huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, inatosha kwamba uliumia kutokana na kazi na ukiwa kazini. Unachotakiwa ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi, naye ana siku saba za kuripoti kwa Mfuko. Asiporipoti, nenda mwenyewe au mtume ndugu, maana taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12 haki inaweza kupotea. Hapa ndipo daftari dogo lina thamani: tarehe, idadi ya magunia, jina la aliyekupangia kazi, na ujumbe wa malipo kwenye simu. Vinathibitisha kwamba ulikuwa kazini, na vinasaidia kukadiria kipato chako.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, la kuli mwenyewe: nikidai leo, kesho sitaitwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kutumia haki aliyopewa na sheria, au kwa kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa ya kisheria kumwagiza. Shauri la namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ila ulinzi huo hauwagusi waliofanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi, na msimu wa korosho ni mfupi kuliko hapo. Huo ni upungufu wa sheria, na kuuficha hakumsaidii mtu. Kwa hiyo anayebeba kwa msimu asisimame peke yake. Makuli wa ghala moja waandike malalamiko kwa pamoja, wayapeleke kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ofisi ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara, au kwa afisa kazi wa mkoa. Wasioweza kuandika wamtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya, ambaye huduma yake ni bure kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia ghalani, kudai kumbukumbu na kusimamisha kazi yenye hatari hadi irekebishwe, na mamlaka hayo hayategemei kama aliyelalamika ana mkataba wa miezi sita au wa siku moja.