Kwenda shamba na watoto: maswali ya familia za Kigoma na Ujiji

Mtoto wa Mwanga au Kasingirima hula mawese karibu kila siku. Yamo kwenye maharage, yamo kwenye kisamvu, yamo kwenye mchuzi wa migebuka. Muulize yanatoka wapi, atakwambia sokoni, kwenye dumu. Mwaka jana niliwachukua watoto watatu wa dada yangu hadi Bitale, mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini. Mkubwa wao, wa darasa la tano, alipouona mkungu wa chikichi umelala chini alidhani ni nanasi lililooza. Tangu siku ile wazazi kadhaa wameniuliza safari kama hiyo inafanywaje. Haya ndiyo maswali yao.

Kuna shamba lenye geti, kiingilio na mtu wa kutuongoza?

Msitafute geti. Mnachokwenda kukiona ni shamba la mtu, mahali anapopatia riziki yake, na mara nyingi nyumba yake iko hapo hapo. Kwa hiyo safari inaanza kwa kuomba. Familia nyingi za mjini zina shangazi, mjomba au jirani wa zamani mwenye shamba Simbo, Mwandiga, Bitale au Kalinzi, na huko ndiko pa kuanzia. Asiye na ndugu amwone bwana shamba au bibi shamba wa kata, au mwenyekiti wa kitongoji, siku mbili tatu kabla, aeleze wako watu wangapi na watoto wana umri gani.

Siku ya kwenda, pigeni hodi mbali na mlango, watoto waamkie wazee. Shikamoo inatosha, lakini mtoto akisema "Mwakeye" kwa mzee wa Kiha, mtaona mwenyeji anavyobadilika uso. Kisha mkubaliane mapema: mtapita sehemu gani, mtachuma nini, mtalipa kiasi gani kwa sado au kwa ndoo, na mwenyeji atapewa nini kwa muda wake. Naomba sana hapa msibishane bei kama mnavyobishana sokoni. Mwenye shamba ameacha kazi ya asubuhi nzima kwa ajili yenu, na matunda yanayochumwa na watoto huwa na hasara yake: mabichi yameng'olewa, matawi yamevunjika, mengine yamekanyagwa. Bei ya shambani pamoja na kifuta jasho ndiyo haki yake.

Twende kuona nini?

Kwangu mimi, mchikichi kwanza. Huu ni mti wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, na katika Tanzania hakuna mkoa unaojulikana nao kama Kigoma. Mashamba ya zamani yana aina iitwayo dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Aina mpya, tenera, imepatikana kwa kuzalisha dura na pisifera pamoja. Kokwa lake ni jembamba na nyama yake ni nyingi, kwa hiyo mafuta pia ni mengi. Mwombeni mwenyeji akate tunda moja la kila aina kwa kisu mbele ya watoto. Hapo mtoto ataelewa kwa macho yake kwa nini tangu mwaka 2018 serikali imelikazania zao hili, na kwa nini kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapa hapa wilaya ya Kigoma, kinashughulika na mbegu bora za chikichi. Shule inayotaka kukitembelea kituo iandike barua mapema. Watafiti wana ratiba zao.

Lakini msiishie kwenye mti. Ulizeni siku ambayo mwenyeji anakamua, mwende siku hiyo. Chikichi zilizopukuchuliwa kutoka kwenye mkungu huchemshwa ndani ya pipa mpaka zilainike, kisha hutwangwa au kuingizwa kwenye mashine ya kusokota kwa mkono. Yanayotoka huchemshwa tena, mafuta hupanda juu na huenguliwa, yakiwa mekundu kama jua la magharibi juu ya ziwa. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Makapi yanarudi jikoni kuwa kuni. Kokwa huanikwa, hupasuliwa, na ndani yake hutoka mise, ambayo mafuta yake hutengenezwa sabuni. Mara nyingi wanaokaa kupasua kokwa ni kina mama, jiwe juu ya jiwe, kwa saa nyingi. Watoto wakae nao hata robo saa. Wale wa dada yangu walijaribu kokwa kumi kila mmoja, wakachoka, na mpaka leo hawamwagi mafuta ovyo.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui: chikichi ikishachubuka, mafuta yaliyo ndani yake huanza kuchacha. Ndiyo maana mawese ya mkulima aliyekamua mapema hayakwaruzi koo kama ya yule aliyerundika chikichi siku nyingi akisubiri zamu ya mashine. Ukiwa pale pale shambani unaweza kuuliza, "Hizi zimevunwa lini?" Sokoni hakuna wa kukujibu.

Upande wa pili ni Ujiji na miembe yake. Miembe mikubwa mnayoiona huko ni ya njia ya misafara, ile iliyoanzia Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo, ikibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya kuombewa hadhi ya Urithi wa Dunia. Watoto wengi wameshasikia kwamba Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe pale mwaka 1871. Waambieni pia habari za waliopita chini ya miembe hiyo wakiwa na minyororo shingoni, kwa maneno yanayolingana na umri wao. Embe za miti ya watu huchumwa kwa idhini ya wenyewe, kwa upondo wenye ngoe, na mtoto asing'ate embe kabla ya kuoshwa, kwa kuwa utomvu wa kikonyo huunguza midomo.

Upande wa tatu ni Kalinzi, juu, kwenye barabara ya Manyovu. Huko kahawa ya arabika hukua pamoja na migomba, hewa ni ya baridi, na vijia vya kwenda mashambani ni matembezi tosha kwa mtoto wa miaka saba. Wabebeeni sweta. Kahawa huchumwa tunda jekundu moja moja, na la kijani huachwa. Ukimpa mtoto kikapu kidogo na sharti hilo moja, utashangaa jinsi anavyotulia.

Kuna mashamba makubwa ya michikichi ya Gereza la Kwitanga na ya kambi ya JKT Bulombora. Ni mazuri kuyatazama ukiwa barabarani, lakini ni maeneo ya vyombo vya dola: hayaingiwi bila kibali, wala hayapigwi picha.

Watoto wanaweza kuchuma wenyewe?

Kahawa, maharage, nyanya, mapera na embe za matawi ya chini, ndiyo. Chikichi, hapana, isipokuwa kuokota zile zilizodondoka. Makuti ya mchikichi yana miiba, mkungu wenyewe una miiba, na mkungu ukikatwa huanguka kwa kishindo. Anayepanda na mkanda ni mtu mzima aliyezoea kazi hiyo. Wengine wote wakae mbali, hata umbali wa mti mzima ukilala. Mkungu hujulikana umeiva pale chikichi zinapoanza kudondoka zenyewe, kwa hiyo watoto wanaookota chini wanajifunza dalili ile ile ambayo mkulima huitazama.

Kuna jambo linaloniuma, nalo nimeliona zaidi ya mara moja. Wageni wanafika, wanataka picha ya mtu aliye juu ya mchikichi, mwenye shamba hayupo, na kijana wa miaka kumi na miwili anaahidiwa soda ili apande. Mtoto huyo ana mama kama wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata anayezidi umri huo hatakiwi kupewa kazi ya hatari. Soda mpeni, akae chini acheze na wenzake.

Pia ulizeni kama shamba limepuliziwa dawa siku za karibuni, hasa la nyanya na la kahawa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Mwenyeji akisema limepuliziwa wiki hii, tembeeni sehemu nyingine na msichume kitu.

Na mbuzi, kuku, ng'ombe: kuna hatari gani?

Kumshika mwanambuzi ni raha ambayo mtoto haisahau, na simkatazi mtu. Kinachohitajika ni maji na sabuni. Kinyesi cha mifugo kina vijidudu vinavyoleta kuharisha kukali kwa watoto wadogo, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni mara baada ya kutoka zizini, na chakula kisiliwe karibu na mifugo. Bebeni dumu la maji yenu wenyewe. Kisima cha mwenyeji huenda kiko mbali, na maji yale yamebebwa kichwani na mtu.

Maziwa yanywewe yaliyochemshwa tu. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa uleule unaowafanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, na wengi hudhani ni malaria. Mama mjamzito asisaidie mbuzi anayezaa wala asiguse kondo lake.

Mbwa wa shamba hawajui wageni. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mwende kituo cha afya au Hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakina tiba. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kwa nini tusiwapeleke Gombe moja kwa moja?

Mnaweza, lakini si kwa kila umri. Watoto wadogo hawaruhusiwi kwenye matembezi ya kutafuta sokwe, na umri unaokubalika uulizwe TANAPA, wasimamizi wa hifadhi, kabla hamjalipia boti. Sababu yake ni nzito: magonjwa yetu huwapata sokwe pia. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 14, 1960. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1966, polio iliwapata sokwe wa pale, baadhi wakafa na wengine wakalemaa mikono na miguu. Mafua ya mtoto wetu, ambayo kwetu ni kitu cha siku tatu, yanaweza kuua sokwe. Mwenye kikohozi abaki nyumbani, hata akiwa mtu mzima.

Kwa mtoto mdogo, Kalinzi inamweleza Gombe vizuri kuliko anavyodhani mzazi. Mradi wa TACARE ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall ulitokana na kuona kwamba msitu wa hifadhi hauwezi kupona ikiwa vijiji vinavyouzunguka vina njaa na vilima vitupu. Kahawa ya kivulini, vitalu vya miti na misitu ya vijiji vikaingia katika mazungumzo ya sokwe. Mwambieni mtoto anayechuma kahawa kwamba mti wa kivuli ulio juu yake una habari na sokwe walio ng'ambo ya vilima.

Tukitoka shambani tunaweza kuoga ziwani?

Chagueni mahali penye mchanga safi na mawe, maji ya wazi, mbali na matete na midomo ya vijito. Kichocho kipo katika mwambao wa ziwa letu, Tanganyika, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Ulizeni wavuvi wa hapo kuhusu mamba. Wao ndio wanaojua. Mtoto akitoa damu kwenye choo au mkojo wiki au miezi baadaye, mwambieni daktari kwamba alioga ziwani. Dawa ipo.

Mwezi gani unafaa?

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vijia ni vikavu na magari hayakwami. Embe huja na mvua, kuelekea Krismasi. Mchikichi huzaa mwaka mzima. Mwende asubuhi, mrudi kabla ya giza, na nguo za mikono mirefu ziwemo kwenye begi kwa ajili ya mbu.

Tubebe nini kurudi nacho?

Mawese, bila shaka, ya mkamuo mliouona kwa macho. Nendeni na vyombo vyenu vilivyooshwa na kukauka kabisa, kwa sababu tone la maji huyaharibu mapema. Subirini yapoe kabla ya kufunga kifuniko, na dumu lisimame wima katikati ya miguu ya mtu mzima, siyo juu ya keria. Asubuhi mkiyakuta yameganda nusu, chini mazito ya rangi ya chungwa na juu mekundu mepesi, msidhani mmeuziwa mabovu. Liwekeni dumu juani nusu saa, mtikise, mpike.