Kipara, Baiskeli na Jua la Rukwa

Anayeendesha baiskeli Mtowisa huku kichwa kimenyolewa upara hupata raha moja ambayo mtembea kwa miguu haipati: upepo. Upepo huo ndio unaomdanganya. Unakausha jasho na kupoza utosi, lakini haupunguzi mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana wala kuhisiwa, nayo ndiyo inayobabua ngozi. Joto ni jambo moja, mionzi ni jambo jingine.

Ushahidi uko pale pale mkoani Rukwa. Mtowisa iko bondeni, chini ya mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa, na joto lake halina ubishi. Mtu akipanda kwenda Sumbawanga mjini hukuta baridi, akavaa koti na kudhani jua amelikimbia. Kumbe kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi hiyo kwa takriban asilimia 10, na mji uko juu ya bonde kwa kadiri hiyo hivi. Mawingu mepesi nayo si kinga ya kutegemewa, maana mionzi mingi hupenya.

Tena Rukwa iko magharibi ya nchi, kwa hiyo jua hufika katikati ya anga karibu na saa saba mchana, si saa sita. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa tano hadi saa tisa. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita juu ya utosi kabisa. Asiye na saa atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, kichwa kifunikwe.

Je, ngozi nyeusi haijilindi? Hujilinda, tena vizuri, na ni haki kusema kwamba saratani ya ngozi itokanayo na jua ni adimu kwa watu weusi. Hata hivyo utosi usio na nywele huweza kuungua, kuwasha na kubanduka, hasa ukiwa umetoka kuchubuliwa na wembe. Anayetumia doksisaiklini, dawa ya kawaida zahanati, huungua upesi zaidi. Mwenye kovu la moto kichwani, au kidonda cha muda mrefu, ana sababu ya ziada ya kupafunika. Na kwa mtu mwenye ualbino suala hili ni la uhai: saratani humwanza mapema, mara nyingi kichwani, masikioni na shingoni.

Kapelo, pamoja na umaridadi wake, huacha masikio na kisogo nje. Pama yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka pande zote ni bora, ila ifungwe kamba kidevuni, vinginevyo mteremko wa kwanza utaichukua. Kofia ngumu ya baiskeli isiachwe, kwa kuwa ndiyo inayookoa fuvu mtu akianguka. Lakini ina matundu, na jua hupita humo. Chini yake kivaliwe kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana, kirefu cha kufunika shingo. Kiinuliwe kwanza kuelekea mwangani: kikipitisha mwanga mwingi, kitapitisha na mionzi.

Mafuta ya mgando, ya nazi au ya alizeti hulainisha ngozi tu. Losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, ikipakwa ya kutosha na kurudiwa kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi jasho likitiririka. Bei yake ni kikwazo kwa kaya nyingi. Kwa watu wenye ualbino ipo Kilisun, inayotengenezwa Hospitali ya KCMC, Moshi, na kugawiwa bure.

Utosi hauonekani na mwenyewe. Kinyozi aombwe aseme akiona doa jipya, gamba gumu au uvimbe, na kidonda kisichopona ndani ya mwezi kipelekwe zahanati, si kwa muuza dawa.