Rununu na Fanani: Nafasi ya Simu ya Mkononi katika Ufundishaji wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miongoni mwa wagema wa zama zetu ni rununu, chombo ambacho kimemiminiwa sifa tele tangu kilipoanza kuenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kimesifiwa kwa kupeleka ujumbe na, tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, kwa kupeleka pesa. Hata hivyo, katika shule nyingi za upili, hasa zile za bweni, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nacho. Mwalimu basi hujikuta baina ya sifa na marufuku, asijue la kushika. Makala haya yanashikilia kwamba rununu inaweza kuirejesha sauti ya fanani darasani. Hata hivyo, manufaa hayo yatapatikana tu iwapo mwalimu atazingatia kile ambacho rununu haiwezi kukifanya.

Umuhimu wa sauti

Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba masomo ya fasihi yaanzie Afrika, na fasihi simulizi ikapewa uzito mkubwa katika pendekezo hilo. Naye Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji ni sehemu ya kazi yenyewe, si pambo lake. Licha ya hayo, mwanafunzi wetu bado hukutana na ngano akiwa ameinamia kitabu. Anaweza kuorodhesha sifa za fanani bora bila kuwahi kumsikiliza fanani yeyote darasani.

Maandishi hupoteza mengi. Tuchukue neno 'paa'. Katika Kimvita, paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Othografia sanifu haionyeshi tofauti hii, lakini sikio huipata mara moja. Aidha, kuna kiimbo, kicheko, kimya cha makusudi na sauti ya fisi inayoigwa na msimulizi. Hayo yote kinasasauti kilichomo ndani ya simu huyahifadhi.

Funzo la kimya

Nilipokuwa katika mazoezi ya ufundishaji, niliwaomba wanafunzi wa kidato cha pili watumie simu za wazazi wao wakati wa likizo kunasa ngano moja kutoka kwa mzee wa familia. Niliwaonya wasitoe sauti yoyote ili rekodi iwe safi. Shule zilipofunguliwa, msichana mmoja alituletea sauti ya nyanya yake. Tulimsikia ajuza huyo akisema, "Paukwa!" Kukawa kimya. Akarudia, "Paukwa!" Kimya tena. Hatimaye akauliza, "Mbona huitikii, mjukuu wangu?" Mjukuu hakujibu, kwa kuwa mwalimu alikuwa amemkataza. Nyanya akaisimulia ngano kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha, akaimaliza upesi.

Darasa liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani kosa lilikuwa langu. Nilitaka rekodi safi, nami nikaipata kwa kumnyima fanani hadhira yake. Likizo iliyofuata, msichana yule alirudi kwa nyanya akiandamana na binamu zake, nikawaruhusu waitikie, wacheke na kuuliza maswali. Ngano ilikuwa ile ile, lakini safari hii ilichukua muda mrefu zaidi na ikawa na wimbo ambao haukuwamo katika rekodi ya kwanza. Tuliziweka rekodi hizo mbili sambamba. Sikuhitaji kuwaeleza wanafunzi zaidi uhusiano wa fanani na hadhira, maana walikuwa wameusikia.

Hatua za utekelezaji

Kutokana na tajriba hiyo, napendekeza hatua nne.

Kwanza, mwanafunzi aombe idhini. Fanani aelezwe rekodi itasikilizwa wapi na nani, na akikataa asilazimishwe. Nchini Kenya jambo hili si la adabu pekee. Tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni ya mwaka wa 2016, pamoja na ile ya kulinda data ya mwaka wa 2019.

Pili, fanani awe na hadhira hai. Simu iwekwe kando, karibu na msimulizi, mbali na upepo na redio, isishikwe mbele ya uso wake.

Tatu, ubora wa sauti uzingatiwe. Rununu nyingi za awali zilihifadhi sauti katika muundo wa AMR, ambapo dakika moja huchukua takriban kilobaiti 90 tu. Wepesi huo una gharama yake, kwani sauti zinazozidi hezi 4,000 hukatwa, na huko juu ndiko kuliko na sehemu kubwa ya tofauti baina ya 's' na 'th', kama katika 'samani' na 'thamani'. Rekodi ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1 kwa dakika. Saa nzima basi haizidi megabaiti 60, kiasi ambacho hata kadi ndogo ya kumbukumbu hukimudu.

Nne, wanafunzi wafanye unukuzi. Dakika mbili za sauti zinatosha kwa kipindi kimoja. Waandike maneno, kisha waonyeshe vimya, vicheko na viitikio. Hapo ndipo watakapogundua ni mangapi ambayo kalamu hushindwa kuyabeba.

Ikumbukwe kwamba hatua hizi hazihitaji kila mwanafunzi awe na simu, wala hazivunji kanuni za shule. Simu moja ya mwalimu na kipaza sauti kidogo vinatosha darasa zima.

Hitimisho

Wazee wetu wanazeeka, na kila msiba huondoka na ngano ambazo hakuna aliyewahi kuzinasa. Rununu imetupa uwezo ambao watafiti waliobeba vinasasauti vizito hawakuwa nao. Hata hivyo, haitaweza kuitikia "Pakawa!" kwa niaba yetu. Wajibu huo ni wa mjukuu aliyeketi mbele ya nyanya yake, nasi walimu tusimfunge kinywa.