Ushahidi ni Amana: Somo Kuhusu Video za Ukatili wa Polisi



Ndugu zangu katika imani, siku hizi kila mwanafunzi ana kamera mfukoni. Askari akimpiga raia barabarani, haichukui saa moja video imeshazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Tunasikitika, tunawatumia wengine, kisha tunarudi darasani. Je, hapo tumetimiza wajibu wa shahidi?

Aliyeona amebeba amana

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili Yake, hata dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa. Katika Al-Baqara, aya ya 283, anakataza ushahidi kufichwa.

Imam Muslim amepokea kisa cha Swahaba Hisham bin Hakim (r.a.). Alipita Sham akawakuta watu wamesimamishwa juani kwa ajili ya jizya. Aliuliza wana kosa gani. Alipojibiwa, akashuhudia kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba Allah atawaadhibu wanaowatesa watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri, Umayr bin Saad, akamweleza, na amiri akaamuru waachiwe. Tuzingatie mpangilio: aliona, akauliza, akasema, akafikisha kwa mwenye mamlaka.

Video mbili, matokeo mawili

Tarehe 3 Machi 1991, mkazi mmoja wa Los Angeles alirekodi polisi wakimpiga virungu Rodney King. Dunia nzima iliona. Hata hivyo, mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani hata askari mmoja kati ya wanne walioshtakiwa. Mawakili wao waliichambua video kipande kwa kipande, wakidai kila pigo lilikuwa na sababu. Ni mwaka uliofuata tu ambapo mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani wawili.

Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, George Floyd alifariki baada ya askari Derek Chauvin kumkandamiza shingoni kwa goti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilitaja tatizo la kiafya, wala haikugusia goti. Aliyefichua ukweli ni msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyerekodi. Lakini hakuishia hapo. Alisimama mahakamani akatoa ushahidi, pamoja na wapita njia wengine, madaktari, na hata mkuu wa polisi wa mji huo. Aprili 2021 Chauvin alitiwa hatiani, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Tunajifunza kwamba video haijitetei yenyewe. Inahitaji watu wa kusimama nayo.

Kumsaidia dhalimu

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa mdhulumiwa au dhalimu, na alipoulizwa dhalimu anasaidiwaje, akabainisha kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Askari watatu waliokuwa na Chauvin nao walitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kutompa Floyd msaada wa matibabu, na wawili kati yao pia kwa kutomzuia mwenzao. Laiti mmoja angemvuta mkono, angewaokoa wote wawili: aliyekuwa chini na aliyekuwa juu.

Wajibu wetu

Jambo hili haliko mbali nasi. Juni 2025 jijini Nairobi, video ilionyesha mchuuzi wa barakoa akipigwa risasi kichwani kwa karibu. Alifariki, na askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kwa hiyo tushike haya:

1. Tuthibitishe kwanza, kama Al-Hujurat, aya ya 6, inavyotuamrisha. Video ya mwaka jana au ya nchi nyingine isitangazwe kuwa ya leo.
2. Anayerekodi alinde usalama wake na asiwazuie waokoaji. Akiweza kumnusuru mtu, hilo linatangulia.
3. Ahifadhi video nzima bila kuikata, aandike tarehe, saa na mahali, kisha aifikishe kwa wakili, tume ya haki za binadamu au chombo kinachosimamia polisi.
4. Tusitiri heshima ya aliyeumizwa. Tumfikirie mama yake akiiona video hiyo.
5. Tumfanyie uadilifu hata askari. Al-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki isitutoe kwenye haki. Atajwe aliyetenda, si kila aliyevaa sare.

Maswali ya kujadili katika darsa

- Ni kipi kinachotuzuia kutoa ushahidi: woga, uvivu, au kutowaamini wenye mamlaka?
- Jumuiya yetu imsaidieje mwanafunzi aliyeshuhudia dhuluma na anaogopa?
- Miongoni mwetu wapo watakaokuwa mawakili, madaktari na maafisa wa polisi. Kila mmoja ajiandae vipi kuanzia sasa?

Allah atujaalie tuwe mashahidi wa kweli, awarehemu na kuwanusuru waliodhulumiwa, na azuie mikono yetu isidhulumu. Aamin.